Nani Huitayarisha Motokaa? Habari za Safari Ndefu Tangu 1924



Kila mwaka kitabu chetu hiki hutenga ukurasa wa safari. Humo huandikwa kwamba fulani ameendesha kutoka Ukkel hadi Geneva, fulani hadi Leicester, fulani hadi Marseille. Kilomita ngapi, watoto wangapi walibanana kiti cha nyuma, na picha moja ya gari lililopakiwa mizigo hadi juu ya keria. Majuzi nilizipitia kurasa hizo, tangu zilizochapwa kwa taipureta hadi za leo, nikaona jambo moja. Jina la dereva halikosekani hata mara moja. Jina la mtu aliyelitayarisha gari halipo hata mara moja.

Basi nimeona yafaa mwaka huu niandike habari za maandalizi yenyewe. Kuendesha ni sifa, lakini safari ndefu haianzi siku ya kuwasha injini. Huanza kwa watu wengine, mahali pengine, tena mapema zaidi. Natumia neno motokaa kwa makusudi, maana ndilo la wazee wetu. Sisi wa Bukavu, na ndugu zetu wa Lubumbashi, tulizoea kusema mutuka.

Magari manane ya mwaka 1924

Tuanze na safari iliyosifiwa kuliko zote katika bara letu, ile ambayo Wafaransa waliiita Croisière Noire. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane ya Citroën yaliondoka Colomb-Béchar, huko Algeria, chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalivuka Sahara, yakapita Niger na Ziwa Chad, yakashuka hadi Bangui, yakaingia Kongo ya Wabelgiji kwa upande wa Uele, kisha yakafika Kampala. Hapo yakagawanyika makundi manne ya magari mawili mawili: kundi moja likashika njia ya Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne Cape kwa kupitia Elisabethville. Tarehe 26 Juni 1925 Haardt alikuwa Antananarivo, kisiwani Madagascar. Safari ilichukua miezi minane.

Magari hayo hayakuwa ya kawaida. Mbele yalikuwa na magurudumu, nyuma yalikuwa na mikanda mipana ya mpira iliyozunguka kama minyororo ya trekta. Mkanda huo ulibuniwa na Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyewahi kutunza motokaa za mfalme wa Urusi, akarudi kwao baada ya mapinduzi ya 1917. Injini yenyewe ilikuwa ndogo, ya silinda nne. Kila gari lilipewa jina na alama yake: moja Mdudu wa Dhahabu, jingine Hilali ya Fedha, jingine Tembo na Mnara, jingine Konokono Mwenye Mabawa. Mtu akisikia majina hayo huona kana kwamba magari yalikwenda kwa nguvu zake yenyewe.

Lakini hebu tujiulize swali analojiuliza kila mzazi wa Ukkel kabla ya kufunga buti: petroli tutaipata wapi? Mwaka 1924 hapakuwa na kituo cha petroli kati ya Niger na Uele. Gari lingebeba petroli ya njia yote lisingeweza hata kujikokota lenyewe. Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi haikuwa ya Paris, kiwandani. Ilikuwa ya vikosi vya ugavi vilivyotangulia kupeleka petroli, oili, vipuri na chakula, na kuviweka akiba katika vituo vya njiani. Kazi hiyo alipewa Kamanda Bettembourg, na ndiye baadaye aliyeongoza kundi la Dar es Salaam.

Na akiba hizo zilifikaje huko? Mito ilipoishia na barabara ilipokosekana, zilifika juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi. Tena penye msitu, njia ya magari haikuwapo; serikali za kikoloni ziliwaita watu wa vijiji waikate, waing'oe visiki, walaze magogo juu ya vijito. Hawakuulizwa kama wanapenda. Ndipo magari manane yakapita kwa siku chache mahali ambapo mikono mingi ilihangaika kwa muda mrefu.

Majina ya makanika Wafaransa yamehifadhiwa vitabuni, na ni haki yao, kwa kuwa walilala chini ya magari yale usiku kucha: Maurice Penaud, Maurice Billy na wenzao. Jina la mchoraji, Alexandre Iacovleff, linajulikana, na la mpiga picha za sinema, Léon Poirier, ambaye filamu yake ilionyeshwa Paris mwaka 1926. Hata la mwanamke mmoja wa Kimangbetu, Nobosodru, mke wa chifu, ambaye Iacovleff alimchora huko Niangara, limebaki. Sura yake ilipendwa mno Ulaya, hadi ikatengenezwa sanamu ndogo ya kupamba kifuniko cha rejeta ya motokaa. Yeye akawekwa mbele ya gari kama pambo. Waliolikatia gari njia, kina shangazi na wajomba zake pengine, hawakuandikwa popote.

Sisemi haya ili kuwafanya watoto wetu wachukie kila gari la Kifaransa. Nasema ili wajue hesabu kamili. Miongoni mwa jamaa zetu wamo wenye asili ya Uele. Watoto wakiona picha za Croisière Noire katika makumbusho, waambiwe kwamba wazee wao wamo katika picha ile, ingawa hawaonekani: wako chini ya matairi, katika barabara yenyewe.

Gari tayari, njia bado

Kuna kisa cha pili cha wakati uleule, kinachotuhusu sisi tulioko Ubelgiji. Bwana André Citroën alitaka kuanzisha safari za watalii kwa magari yake kutoka Algeria hadi Timbuktu, pamoja na kambi za kulala wageni jangwani. Safari ya ufunguzi ilipangwa kuwa Januari 1925, na Mfalme Albert I wa Ubelgiji alikuwa miongoni mwa wageni waliotarajiwa. Magari yalikuwapo, fedha zilikwisha tumika. Lakini usalama wa njia haukuwa wa kutegemewa, na mpango mzima ukavunjwa kabla ya wageni kuondoka.

Hapo pana fundisho. Tajiri wa kutengeneza magari alikuwa na kila kitu cha gari, akakosa kitu cha njia. Wazee wetu wana neno fupi kwa jambo hili: haraka haraka haina baraka.

Safari ya Pasaka

Tuje Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kwa jina la Safari, yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka, yaani majira ya mvua. Waliokulia Kampala, Arusha au Mombasa wanakumbuka jinsi watu walivyojipanga kando ya barabara tangu alfajiri.

Ugumu wake unaonekana katika hesabu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Basi tusishangae kwamba 404, na baadaye 504, ndizo zilizogeuka teksi za miji yetu yote. Watu waliona kwa macho yao gari gani hurudi nyumbani.

Maandalizi ya Safari yaliifundisha Afrika ya Mashariki nzima. Chini ya injini walifunga sahani ya chuma ili mawe yasipasue sampu ya oili. Springi na shokomzoba zilibadilishwa kwa ngumu zaidi. Walibeba tairi mbili za akiba badala ya moja, koleo, kamba ya kuvutia na minyororo ya kufunga kwenye tairi penye udongo mweusi. Na juu ya yote waliipitia njia kabla ya siku, wakiandika daftarini kila kona na kila mto.

Mtu ninayempenda kumtaja ni Joginder Singh, mtoto wa Kericho. Kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi, aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika, waliyoinunua na kuitengeneza wenyewe. Magari mapya ya viwanda vikubwa yakabaki nyuma. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Mwingine ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mmoja wa wale waliolazimika kuondoka mwaka 1972. Mwaka uliofuata alishinda Safari kwa Datsun, kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Familia kadhaa zinazosoma kitabu hiki zilipita mlango uleule wa 1972, nazo zajua maana ya kuanza tena na begi moja.

Hata hivyo, gari la Safari lilipokwama katika matope ya Taita au ya Usambara, halikutolewa na daftari. Lilitolewa na wanakijiji waliovua viatu wakasukuma. Nao pia hawamo katika orodha ya washindi.

Mjomba na mkanda wa zamani

Sasa tufike nyumbani kwetu Ukkel. Mwaka 1985 binamu yetu alikuwa anaolewa Leicester, na baba aliamua twende wote kwa Peugeot 504 yetu: kwa barabara hadi Ostend, kwa feri hadi Dover, kisha kupanda kaskazini. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Juma zima kabla ya safari, mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kila jioni nyumbani kwetu karibu na barabara ya Alsemberg baada ya kutoka kazini.

Mjomba alikuwa taniboi katika ujana wake, kwenye malori ya Bukavu na Uvira. Mnaoijua njia ile mnaikumbuka Ngomo, ule mteremko wenye kona juu ya bonde la Ruzizi. Kazi ya taniboi ilikuwa kuruka chini lori linaposhindwa kupanda na kuweka gogo nyuma ya gurudumu kabla halijarudi nyuma. Dereva huonekana na watu wote. Taniboi huonekana na vumbi. Mjomba alikuwa akisema kwamba katika Ngomo alijifunza kusikiliza gari, kwa maana gari husema kabla ya kuharibika.

Jioni ya kwanza alikagua matairi, na la akiba pia, kwa sababu, alisema, la akiba ndilo husahauliwa na ndilo utakalolilia. Jioni ya pili aliangalia breki na oili. Ya tatu alikagua maji ya rejeta. Huko Bukavu tulikuwa tukitia maji ya kawaida, lakini baridi ya Ukkel huyagandisha, nayo barafu ikivimba hupasua injini; kwa hiyo alihakikisha dawa ya kuzuia kuganda imo. Ya nne alibandika utepe mweusi kwenye kioo cha taa za mbele. Tulipomwuliza sababu, alituambia kwamba taa za huku huelekezwa kulia, na Uingereza watu hushika kushoto, hivyo tungewapiga usoni wote wanaokuja. Akaongeza kwamba hiyo haikuwa habari mpya kwake: dereva yeyote aliyetoka Kongo kuingia Uganda alibadili upande mpakani, na aliyesahau hakusahau mara ya pili.

Jioni ya tano alibadili mkanda wa feni, ukawekwa mpya. Baba akauchukua ule wa zamani autupe. Mjomba akamzuia. "Shemeji, huu umeshika miaka mitatu, haukunikosea. Mpya simjui bado." Akauviringisha katika gazeti, akauweka ndani ya buti pamoja na spana mbili zinazohusika. Baba alicheka.

Tulipopita Ghent, taa nyekundu ya chaji iliwaka na mshale wa joto ukaanza kupanda. Mkanda mpya ulikuwa umekatika. Baba alisimama kando, akaweka pembetatu ya tahadhari, akafungua buti. Nusu saa baadaye mkanda wa zamani ulikuwa mahali pake. Baba aliukaza na kuubonyeza kwa kidole gumba, kama mjomba alivyotuonyesha: ukizama kiasi cha sentimita moja, basi umekaza vizuri. Feri hatukuikosa, na arusini tulifika.

Katika kitabu cha mwaka ule imeandikwa kwamba baba aliendesha hadi Leicester na kurudi, "akatengeneza gari mwenyewe njiani." Si uongo. Lakini mjomba aliisoma sentensi ile, akakifunga kitabu, asiseme neno. Mimi niliyeiandika, kwa kuwa baba alinipa kazi ya kuandika, niliona uso wake. Nilikusudia kumwomba radhi mwaka uliofuata, kisha uliofuata tena. Ameshafariki sasa. Radhi yenyewe ndiyo hii, imechelewa, nayo naiandika mahali palepale nilipokosea.

Leo

Mengi yamebadilika. Feri ya Ostend kwenda Dover haipo tena, na tangu 1994 twaweza kupita chini ya bahari. Kiwanda cha Citroën kilichokuwa jirani yetu Forest, kilichofunguliwa mwaka 1926, mwaka ule uleule wa filamu ya Poirier, kilifungwa mwaka 1980. Kile cha Volkswagen, ambacho baadaye kiliitwa Audi na ambacho kililisha nyumba nyingi, kilifungwa Februari 2025. Gari lake la mwisho lilikuwa la umeme.

Sheria za hapa nazo hutusaidia kuandaa. Gari la familia hupelekwa kukaguliwa linapofikia miaka minne, na baadaye kwa vipindi. Ndani lazima kuwe na pembetatu, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza na fulana ya kung'aa. Msiviweke chini kabisa ya masanduku ya nguo. Moto hausubiri masanduku yashushwe. Na hali ya hewa isidharauliwe: kipimo cha hapa hapa Ukkel kilifika digrii 39.7 tarehe 25 Julai 2019. Siku kama hiyo rejeta, betri na tairi hupata taabu kama za jangwani, na watoto zaidi, basi maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani.

Vijana wenye magari ya umeme huniambia kwamba mambo ya mikanda na oili yamewapita. Ni kweli. Lakini nimewaona wakikaa mezani siku mbili wakipanga watachaji wapi, Luxembourg au mbele zaidi, na kama kituo kitakuwa na nafasi. Hiyo ndiyo kazi ya Bettembourg ya mwaka 1924, tofauti ni kwamba waliobeba akiba safari hii wamechimba nyaya ardhini. Nao pia hatujui majina yao.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wahariri na kwa jamaa zote. Kuanzia kitabu kijacho, ukurasa wa safari uwe na mstari wa pili chini ya jina la dereva: walioandaa. Aandikwe bibi aliyepika sambusa za njiani usiku wa manane, kijana aliyejaza upepo tairi, jirani aliyeazima keria, shangazi aliyebaki kulisha paka na kungojea simu kwamba mmefika. Na walio na picha za zamani za malori ya Ngomo, ya Kigoma, ya Kampala au ya pwani, wazilete, hasa zile ambazo mtu mmoja amesimama pembeni ameshika gogo. Tuulizane jina lake mngali wenye kumkumbuka.

Nawatakieni nyote safari njema, na marejeo ya salama.